Mizani Iliposimama kwenye Kilo 97

Siku ya upasuaji wa kupunguza uzito nilikuwa na kilo 128. Nilifanyiwa ule wa kukata tumbo kwa urefu: sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kama robo tatu au zaidi kidogo, huondolewa, na kinachobaki ni mrija mwembamba. Miezi sita ya kwanza uzito ulishuka hadi nikawa naona haya kununua nguo, maana niliyoinunua mwezi huu ilinivuka mwezi ujao. Mwezi wa saba mizani ikagoma. Wiki saba nzima: 97.2, 96.8, 97.4, 97.

Nimeandika haya kwa sababu wiki zile nilijitesa bure, na najua kuna mtu sasa hivi amesimama juu ya mizani yake asubuhi akiwa na donge kooni.

Kukwama kwa kwanza kulikuwa kumenipata mapema, mwishoni mwa wiki ya tatu. Nilikuwa nimepungua kilo 9, kisha siku 12 hakuna kilichosogea, ingawa nilikuwa bado kwenye supu na vyakula vya kusaga. Daktari alinieleza vizuri. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia maji kama gramu 3. Siku za mwanzo, chakula kikiwa hakuna, akiba hiyo huchomwa na maji yake hutoka, ndiyo maana kilo hudondoka kwa kasi. Ukianza kula kidogo, maji yanarudi. Mafuta yanaendelea kuchomwa, ila mizani haijui kutofautisha maji na mafuta. Nilingoja, na siku ya 13 ikashuka yenyewe.

Kwa hiyo mwezi wa saba nilipokwama tena nikajiambia ningoje. Wiki mbili zikapita, tatu, nne, nikachoka kungoja. Nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wetu hulifanya: nikapunguza chakula. Nikaacha chakula cha jioni, na mchana nikawa nakula vijiko vitano vya supu. Kuna siku, nikipiga hesabu, sikufikisha kalori 600. Mizani haikujali. Mimi ndiye niliyeanza kuisha. Nilisikia baridi wakati wenzangu wamevaa mikono mifupi, ngazi zilinitetemesha magoti, na nywele zilizokuwa zimeanza kukatika tangu mwezi wa nne nikawa nazikusanya kwenye mto wa kulalia kila asubuhi, kishungi kizima.

Nilipokwenda kwa mtaalamu wa lishe nilianza kujieleza tangu mlangoni. Alinisikiliza, akasema, "Dada, usiniambie. Niandikie. Siku tatu, kila kinachopita mdomoni, hata ulichokionja ukipika." Akanipa daftari dogo.

Nilirudi nalo nikiwa nimejaa ujasiri kwamba ataona jinsi ninavyojinyima. Akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia duara. Kahawa ya maziwa na sukari, na biskuti tatu, saa nne asubuhi. Biskuti tatu tena saa kumi. Juisi nusu glasi, mara mbili. Mtindi wa matunda wenye sukari. Supu laini ya viazi. Kisha akahesabu protini, mstari kwa mstari, akanigeuzia ukurasa. Gramu 38. Lengo langu lilikuwa 70, na kwa kawaida watu waliofanyiwa upasuaji huu huambiwa wasishuke chini ya 60.

"Hiki ndicho kinachokukwamisha," akasema, akigonga zile biskuti kwa ncha ya kalamu. "Vinateleza."

Neno hilo la kuteleza ndilo lililonifungua macho. Tumbo dogo hukuzuia pale tu unapokula kitu chenye uzito wa kutafunwa. Kipande cha kuku kinakaa, kinajaza, baada ya tonge chache huwezi tena. Biskuti ikikutana na kahawa inakuwa uji kabla haijafika tumboni, inapita, na baada ya dakika 20 nafasi iko wazi. Ndivyo mtu anavyoweza kuamini kwa dhati kwamba hali kitu, na bado nguvu zinazoingia zinalingana na zinazotoka. Zaidi ya hapo, mwili wa kilo 97 hauhitaji kile ulichohitaji ukiwa na 128. Chakula kilichokuwa kinanipunguza mwezi wa tatu, mwezi wa saba kilikuwa kinatosha kunishikilia palepale.

Na kule kujinyima kwangu? Mwili usipopata protini ya kutosha unakula misuli, na misuli ndiyo inayochoma nguvu hata ukiwa umelala. Nilikuwa nabomoa jiko huku nikitaka moto uwake.

Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Siku ya kwanza nikakata samaki kwa macho, nikaapa ni gramu 90. Nikaweka: 40. Nikarudia kukata mara tatu hadi nilipojua 90 inafananaje, na sasa naijua, ni kama kiganja changu bila vidole. Siku yangu ikawa hivi: asubuhi mayai mawili, ambayo ni protini gramu 12. Baadaye mtindi usio na sukari, gramu 6. Mchana samaki wale 90, karibu gramu 20. Jioni kuku aliyeiva gramu 80, hapo ni kama 24. Kabla ya kulala glasi ya maziwa, gramu 7. Siku nyingine maharage yanachukua nafasi ya kuku, na hapo hesabu inashuka, kwa hiyo naongeza yai. Protini inaanza, mboga zinafuata, na wanga ukipata nafasi unakula vijiko viwili vya mwisho. Mara nyingi haupati.

Maji nayo yana saa zake. Nusu saa kabla ya chakula nafunga chupa, na baada ya chakula nasubiri nusu saa nyingine. Nilikuwa najua hilo tangu siku ya kutoka hospitalini lakini nilikuwa nimelegea, nashushia kila tonge kwa maji, na maji ndiyo yanayosukuma chakula kipite upesi. Sasa, lita moja na nusu nainywa kwa mafunda katikati ya milo.

Kula polepole kulinishinda kwa muda mrefu. Jioni moja, nikiwa na haraka, nilimeza kipande cha kuku bila kukitafuna vizuri. Kilikaa katikati ya kifua kama ngumi. Mate yakajaa mdomoni, mazito, ya povu, nikakaa nimeinamia sinki dakika 40 hadi kikarudi juu. Tangu siku ile naweka uma mezani baada ya kila tonge, kabisa, mkono unatoka. Na hapa niseme kwa uzito: kutapika mara moja kwa haraka zako ni funzo, lakini kutapika siku baada ya siku ni jambo la kukimbilia hospitali. Vitamini B1 huisha mwilini kwa muda mfupi, na upungufu wake huharibu neva. Usifurahie kwamba eti unapungua.

Wiki hizohizo nilipimwa damu. Akiba ya madini ya chuma ilikuwa chini sana, ndiyo iliyokuwa inanichosha kwenye ngazi. Vidonge nilikuwa nameza bila kukosa, ila nilikuwa nameza vyote pamoja asubuhi, chuma na kalsiamu, tena na chai. Kalsiamu huzuia chuma kisifyonzwe, na chai vilevile. Sasa chuma nakunywa asubuhi pamoja na vitamini C, kalsiamu inakuja baada ya saa mbili au zaidi, kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa wakati, maana mwili hauwezi kuchukua kingi kwa mpigo. B12 nachomwa sindano, kwa kuwa sehemu ya tumbo iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuifyonza.

Mara tatu kwa wiki nikaanza mazoezi ya nguvu nyumbani: kukaa na kusimama kwenye kiti, kusukuma ukuta, kuinua chupa za maji. Kutembea nilikuwa natembea tangu zamani, lakini kutembea peke yake hakukunijengea misuli.

Wiki ya kwanza mizani ikapanda nusu kilo. Nililia. Ya pili ikabaki palepale. Nilikuwa nimeazima futi ya fundi cherehani, nikajipima kiuno: sentimita 4 zimepungua, na kilo hazijasogea hata moja. Nilirudia kupima mara mbili nikidhani nimeishika vibaya. Wiki ya nne nikaona 95.9.

Leo nina miezi 14 na kilo 86. Nimekwama tena, hii ni wiki ya tatu. Nimetoa lile daftari, jana nimeandika siku ya kwanza, na tayari naona karanga nilizozidokoa nikipika, mara nne, bila kuzihesabu.