Harufu ya kafuri Amani

Muheza, Jumapili usiku

Mama yangu amezaliwa Muheza, ameolewa Muheza, na tangu nipate akili namwona kila asubuhi akifungua mlango wa uani na kuitazama milima ya Amani ili ajue kama mvua itakuja. Hakuwahi kupanda huko hadi jana. Miaka ya nyuma nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Kule ni kwa Wazungu na watafiti, mwanangu. Mimi nifuate nini?" Jibu hilo lilikuwa likinichoma, ndiyo maana likizo hii nikasema lazima twende.

Tulitoka alfajiri. Hadi Sigi, kwenye geti la hifadhi, joto ni lile lile letu la minazi na michungwa. Baada ya hapo barabara inaanza kujikunja na baridi inaingia dirishani. Mama alijifunga kanga ya pili mabegani akanyamaza, macho yote nje.

Kijana aliyetuongoza aliamkia, "Shikamoo mama," na mama akaitikia huku tayari ameinama anaokota jani. Nadhani hapo kijana alishamwelewa mgeni wake, kwa sababu hakutupeleka haraka haraka. Kila mti alianza kwa kumwuliza mama yeye anauitaje, kisha ndipo akataja jina lake la kitaalamu.

Anayetegemea vitanda vya maua vilivyopangwa mistari atashangaa. Bustani ya Mimea ya Amani ina hekta 300 hivi, mabonde na vilima, na miti yake imekua hadi huwezi kujua bustani inaishia wapi na msitu unaanzia wapi. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 wapate kujaribu mimea ya kuliingizia koloni lao fedha: mdalasini, mkwinini, kahawa, miti ya mpira, miti ya mbao kutoka kila bara. Haikuanzishwa kwa ajili ya watu kama mama. Nalisema hili wazi kwa kuwa naona ndilo lililomweka mbali miaka yote hiyo, ingawa bendera ya Wajerumani ilishushwa zamani.

Kisha tukafika kwenye mti mmoja mkubwa, gome limepasukapasuka, majani yanang'aa. Kijana aliokota jani bichi lililoangushwa na upepo, akampa mama. "Lifikiche, mama, unuse."

Mama akalifikicha. Akanusa. Akasimama kimya, mkono bado uko puani. Nami nilipopewa nikaelewa: karafuumaiti. Harufu ile ile ya siku tuliyomzika baba, ya chumba kile cha nyuma wazee walimoingia na maji na sanda. Mama amenunua kafuri dukani maisha yake yote, vidonge vyeupe ndani ya karatasi, na hakuwahi kuwaza kwamba vinatoka kwenye mti. Mti wenyewe asili yake ni China, Taiwan na Japani. "Kumbe ni mti," alisema taratibu. "Kumbe ni mti tu, mzuri hivi." Akalifunga lile jani kwenye pindo la kanga, mahali anapofunga hela.

Tulikaa pale muda mrefu. Sikumharakisha.

Lakini kilichomchangamsha zaidi ni mhogo. Wakati wa Waingereza, Amani ilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki yote, na ni mtafiti wa hapo, H. H. Storey, aliyeueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi kahawia. Mama anaujua ugonjwa huo kuliko mtaalamu yeyote. Upo mwaka shamba letu lilikuwa kijani kabisa, shina zimenenepa, tukafurahi. Tulipong'oa, kila mhogo uliokatwa ulikuwa na madoa ya kahawia makavu kama kizibo. Tulitupa karibu shamba zima. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka namna mama alivyokuwa akiendelea kukata mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata mmoja ulio mzima.

Nikamsimulia nilichokuwa nimesoma. Ili kupata mhogo unaostahimili michirizi na ugonjwa mwingine wa mhogo uitwao batobato, watafiti wa Amani waliuchanganya na ule mti wa mpira wenye asili ya Brazil, ambao Wajerumani waliupanda mashambani huku kwetu, na ambao soko lake lilianguka mwaka 1913 mpira wa Asia ulipojaa. Miti hiyo ni ndugu wa mhogo. Uzao wa kwanza ulikuwa na mizizi isiyofaa, ikabidi urudishwe kwa mhogo tena na tena, chavua kwa chavua, hadi ukapatikana unaolika. Baadaye uzao uliotokana na kazi hiyo ulifika Nigeria, ukawa chanzo cha mbegu nyingi za mhogo zinazopandwa leo Afrika.

"Mpira upi?" mama aliuliza. "Huu wetu wa kisamvu?"

Huo huo. Kisamvu cha mpira, tunachokitwanga kwenye kinu na kukiunga kwa nazi. Uani kwetu upo mti mmoja, mama aliukuta tangu anaolewa. Alicheka hadi akashika mti asianguke.

Si kila kilichopandwa Amani kimeleta heri, na kijana hakutuficha. Alitukalisha karibu na mti mrefu mnyoofu, *Maesopsis eminii*, ambao kwao ni Kagera na Uganda. Uliletwa Usambara kupandwa, ndege aina ya hondohondo wakaupenda, wakala matunda yake na kuzidondosha mbegu ndani kabisa ya msitu. Pale msitu ulipokatwa mbao, mti huu ndio ulioshika nafasi. Mama alitikisa kichwa. Mwanamke anayepalilia kila wiki haelezwi mara mbili kuhusu mmea usiojua mpaka.

Karibu na maji, juu ya jiwe lenye kuvu, kulikuwa na kiua kidogo cha zambarau, majani yake na manyoya kama sikio la sungura. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani Tanga, alikiona mwaka 1892 na kutuma kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata bustani ya Herrenhausen, kule Hannover, ilikipa jina la kitaalamu. Leo kinauzwa ndani ya vyungu Ulaya na Marekani, watu wanakiweka dirishani. Hapa kipo kwenye jiwe lake, hakihitaji chungu. Mama alichuchumaa, akakigusa kwa ncha ya kidole kama anayemgusa mtoto aliyelala.

Tukiwa tunashuka alilala, kichwa begani kwangu, na kanga yake yote inanuka kafuri.

Leo asubuhi jirani amekuja na kikapu chake, kama kawaida yake, kuomba majani ya mpira. Nilikuwa ndani naosha vyombo, nikamsikia mama akimvutia kigoda. "Utachuma, shoga, utachuma. Ila kaa kwanza nikuambie mti huu ulikotoka."