Waranti ya mashine yangu haijawahi kufika Kisumu

Mashine namba mbili ilikufa Jumamosi saa kumi jioni, na kama una kibanda cha gemu hapa Nyalenda unajua Jumamosi saa kumi ni saa gani, viti vimejaa, wengine wamesimama nyuma na mbao zao, zile shilingi ishirini, mkononi wanangoja mtu afungwe atoke. Stima ilikuwa imeenda na kurudi mara tatu tangu asubuhi. Ya tatu iliporudi nikabonyeza, taa ikawaka sekunde moja, pii, kimya. Nikabonyeza tena. Pii. Kijana mmoja akaniambia "omera, nirudishie mbao yangu" kabla hata sijachomoa waya.

Sikushtuka sana juu nilikuwa na waranti. Mwaka mzima, karatasi bado iko ndani ya boksi, na mashine ilikuwa na miezi saba tu. Nikapigia duka la Nairobi nililonunulia, jamaa akaniuliza kwa upole kabisa, "Boss, si uliona ni ex-UK, imetoka Uingereza?" Yaani duka linakupa siku saba za kujaribu, zikiisha hizo ni wewe na kampuni iliyoitengeneza, na kampuni nayo inaijua mashine kule ilikouzwa mara ya kwanza. Haya, nikaingia kwa ukurasa wa kuchati na kampuni, nikaambiwa chagua nchi. Nikashuka na kidole polepole, Japani, halafu Kuwait. Hapo katikati ndipo Kenya ingekuwa. Nikachagua Uingereza kwa ujanja, wakakubali mashine itengenezwe bure, ila boksi la kuisafirishia wanalileta kwa anwani ya Uingereza. Mimi huko nina binamu mmoja Birmingham ambaye hajajibu meseji yangu tangu Krismasi.

Usiku huo nilikuwa na wivu na watu wa Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft. Kama hukuwa umeanza kucheza enzi hizo, ile mashine ilitoka Novemba 2005 na ikaanza kufa ovyo, taa tatu nyekundu zinamulika mbele, basi, kwisha. Julai 2007 Microsoft wakaongeza waranti ya huo ugonjwa hadi miaka 3 na wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 ya kuzitengeneza. Ilikuwa unaletewa boksi tupu mpaka kwa mlango, unaweka mashine, inaenda inarudi. Sasa hebu fikiria mtu wa Kondele hapa Kisumu na taa zake tatu nyekundu mwaka huo. Boksi ya nani?

Lakini kilichonifaa kwa hiyo hadithi si pesa, ni sababu ya kufa. Wengi wetu tulikuwa tunasema ni joto. Joto ndio, lakini zaidi ni kule kupata moto halafu kupoa, kupata moto halafu kupoa. Chipu imeshikiliwa na vitone vidogo vya lehemu, ikipata moto kila kitu kinatanuka, ikipoa kinajikunja, na havitanuki sawasawa, kwa hivyo siku moja kitone kinapata ufa mdogo kuliko unywele na mawasiliano yanakatika. Nikisoma hivyo nikakumbuka stima ya hapa kwetu. Mtu wa London anawasha mashine jioni anazima akienda kulala. Yangu ilikuwa inazimwa na kuwashwa mara tano kwa siku na wala si mimi niliyetaka.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi wa kwanza, karibu na Kibuye. Kabla hajafungua akakwaruza kile kibandiko kinachosema ukinitoa waranti imekufa, akanicheka vile nimekiangalia kwa huruma. Na kumbe hata huko Marekani hicho kibandiko ni kutishana tu, mwaka 2018 FTC, tume yao ya biashara, iliandikia kampuni sita barua, Sony, Microsoft na Nintendo wakiwa ndani, kwamba huwezi kumnyima mteja waranti eti kwa sababu kibandiko kimetoka. Ndani tukapata vumbi kama pamba, vidudu vya ziwa vilivyokauka, na mende mmoja mzima amelala karibu na pawa kama mwenye nyumba. Fundi akasafisha, akapuliza chipu na ile bunduki ya hewa moto, dakika chache, 1,500. Ikawaka! Nikamwita mkombozi.

Siku kumi na moja. Pii.

Fundi wa pili, huyu yuko juu ghorofani Oginga Odinga Street, mzee mpole wa miwani mbili, moja machoni moja kwa paji la uso, ndiye aliniambia ukweli. "Kijana wangu, kupuliza moto ni kumbembeleza mgonjwa. Ule ufa unashikana kidogo, ukipata moto na kupoa unaachana tena." Dawa yake ni kuing'oa chipu yote, kufuta lehemu ya zamani, kupanga vitone vipya kimoja kimoja kwa kibati chenye matundu, halafu kuirudisha. Nilikaa nikamtazama akipanga, hapumui. 6,500, na waranti yake miezi mitatu, ameiandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya mkate. Hiyo ndiyo waranti pekee niliyowahi kuona ikiwa na mtu ninayeweza kumpandia ngazi nikamgongea mlango.

Padi, zile za kushika mkononi ukicheza, ni kesi nyingine, zile za kujiendea zenyewe pembeni bila mtu kugusa, hizo nabadilisha kijiti tu, ni njia ya kaboni ndani imekwaruzika, hakuna maombi.

Mashine imerudi wiki ya tano sasa. Nimenunua betri ya kushikilia stima ikikatika, na nikiiwasha asubuhi siizimi mpaka nifunge saa tatu usiku, ili isipoe katikati. Mama amepita hapa jana saa mbili asubuhi akakuta inawaka na hakuna mtu kwa kiti.

"Na hii inachezwa na nani?"

Nikamwambia inapashwa. Akaangalia mita ya tokeni za stima, akaniangalia mimi, akaenda sokoni.