Mikwaruzo ya duara kwenye rangi ya gari: inakotoka na namna ya kuiondoa

Paki gari jeusi juani, kisha tazama pale jua linapojionyesha kwenye boneti. Kama lile doa la mwanga limezungukwa na nyuzi nyembamba nyingi, hiyo ndiyo mikwaruzo ya duara. Yenyewe haina umbo la duara. Ni mistari midogo iliyoelekea kila upande, na jicho linaona ile tu iliyokingama na mwanga. Ukisogeza kichwa, duara nalo linasogea. Gari jeupe au la rangi ya fedha linayo vilevile, ila halikutangazii.

Mikwaruzo hiyo imekaa kwenye klia, tabaka la juu lisilo na rangi. Kwa magari mengi ya Kijapani, rangi yote ya kiwandani kuanzia praima hadi juu ni mikroni 80 hadi 130 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni mikroni 35 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya printa ni mikroni 100. Sasa kila unapopiga kompaundi, yaani polishi kali ya kukata, unakula mikroni 2 hadi 5 za klia, na hazirudi. Kinga dhidi ya miale ya jua imo humo humo ndani ya klia. Ikibaki nyembamba sana inafifia, inapauka, inaanza kubabuka, na hapo polishi haina kazi tena, ni kupuliza upya. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu akupigie mashine, rekebisha uoshaji. Gari lililong'arishwa leo likarudi kwenye tambara lilelile litakuwa na mikwaruzo mipya baada ya kuoshwa mara mbili tatu, na klia umeshaipoteza.

Chanzo kikubwa kwetu ni vumbi. Vumbi la barabara ya udongo lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko klia yoyote. Anayepita na dasta au kitambaa kikavu asubuhi, gari lingali na vumbi la jana, anapiga msasa gari zima bila kujua. Kwangu hilo ndilo kosa baya kuliko yote, na linafanywa kila siku kwa nia njema kabisa. La pili ni ndoo moja na sponji moja: sponji linasugua rimu na sketi za chini, linachovywa kwenye maji yaleyale, linapanda kwenye boneti. La tatu ni kukaushia fulana kuukuu au taulo lililokwisha manyoya. Sabuni ya unga nayo inavua nta yote uliyopaka, na punje zake ambazo hazijayeyuka zinakwaruza.

Uoshaji salama hauhitaji vitu vingi. Gari liwe kivulini na boneti iwe imepoa. Anza na rimu, kwa ndoo yake na brashi yake. Halafu piga maji ya presha mwili mzima kutoka juu kwenda chini, bomba likiwa umbali wa kama sentimita 40, mpaka mchanga uache kutiririka. Paka povu, liache dakika 3 hadi 5 bila kukauka, suuza tena. Hapo ndipo unagusa rangi kwa mara ya kwanza. Ndoo mbili: moja ina shampuu ya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine ina maji matupu na wavu chini wa kuzuia mchanga usipande. Tumia glavu ya maikrofaiba, siyo sponji. Sponji ni bapa, mchanga unabanwa kati yake na rangi. Nyuzi za glavu zinaumeza mchanga ukaondoka kwenye uso. Osha paa, vioo, boneti, buti, milango nusu ya juu, na mwisho kabisa nusu ya chini. Kila baada ya paneli moja isuuze glavu kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye shampuu. Vuta kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza.

Kukausha, laza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya paneli, livute taratibu au ligandamize kidogo. Usisugue. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai kuachwa yajikaushe, yanaacha madoa yanayong'ata klia. Taulo likianguka chini, hata kwenye sakafu inayoonekana safi, limestaafu mpaka lifuliwe.

Kama unaosha sehemu za kuoshea magari, nenda na glavu na mataulo yako, au waombe wapige presha na povu tu wasilifute. Fundi anaweza kushangaa. Mlipe bei ileile, atakubali.

Sasa kuondoa. Pitisha ukucha kwenye mstari unaokusumbua. Ukinasa, mkwaruzo huo ni mrefu kwenda chini, usiufukuze kwa mashine. Punguza makali yake uuache. Pili, jua rangi unayoishika. Kwenye Toyota soma kibati chenye namba ya chesisi, kwa kawaida kiko chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, sehemu iliyoandikwa C/TR. Nyeupe namba 040 na nyeusi namba 202 kwenye magari mengi hazina klia kabisa, ni rangi ya tabaka moja. Pedi ikigeuka nyeupe au nyeusi usishtuke, ndiyo rangi yenyewe inatoka, ila fanya kazi kwa uangalifu zaidi. Na hiyo 202 ni laini mno: inakwaruzika hata kwa kufutwa na taulo zuri. Kipima unene wa rangi kinasaidia sana kwa magari yaliyotumika. Ukisoma mikroni 100 kwenye mlango mmoja na 250 kwenye mwingine, huo wa pili umepulizwa. Ukifika 1,000 na kuendelea, chini kuna puti ya kujazia mabonde. Bampa za plastiki vipimo vya kawaida havizisomi.

Baada ya kuosha, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiwa na maji ya shampuu mengi ya kuuteleza, mpaka uso uwe laini chini ya vidole. Udongo wenyewe unaacha alama nyepesi, ndiyo maana kazi hii inafanywa kabla ya polishi na siyo kila wiki. Kausha, kisha bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za paneli, plastiki nyeusi na raba. Kwenye kingo rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine pote.

Mashine: chagua ile inayozunguka huku ikicheza, wengi wanaiita DA. Ile ya rotari iliyozoeleka gereji, yenye pedi ya manyoya, inakata haraka, lakini mikononi mwa mtu asiye mzoefu inaunguza kingo na kuacha mawimbi ya mwanga yanayoonekana juani tu. Wenye magari wengi hudhani mawimbi hayo ni mikwaruzo ya zamani iliyorudi, kumbe ni kazi ya jana.

Jaribu kwanza eneo la sentimita 50 kwa 50, na anza na kilicho laini: pedi ya polishi na polishi nyepesi. Matone manne ya ukubwa wa punje ya choroko yanatosha, ila pedi mpya ipake polishi kidogo uso mzima kwanza. Sambaza kwa kasi ya 1, kisha panda hadi 4 au 5. Sogeza mashine taratibu, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia. Ukimaliza kwenda kulia na kushoto, rudia juu na chini. Mara nne hadi sita. Chora mstari wa kalamu kwenye sahani ya nyuma ya pedi: ukiona hauzunguki, umekandamiza mno au pedi imelala upande, na hapo hakuna kinachokatwa.

Futa, halafu nyunyiza alkoholi ya isopropili iliyopunguzwa kwa maji hadi asilimia 10 au 15, ufute tena. Hatua hii isirukwe. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, rangi inaonekana imepona, na baada ya kuosha mara chache yote inarudi. Kagua kwa tochi katika pembe tofauti. Kama asilimia 80 imeondoka, mimi nasimama hapo. Kutafuta mia kwa mia kwenye gari la kutembelea kila siku ni kuitupa klia. Kama haikutosha, badilisha pedi kwanza kabla ya kubadilisha polishi. Ikishindikana ndipo ulete kompaundi, na ukiitumia malizia kwa polishi nyepesi.

Baada ya kila eneo isugue pedi kwa brashi, maana klia iliyokatwa ikiganda juu yake inakwaruza upya. Andaa pedi nne hadi sita kwa gari zima. Polishi ikikauka haraka na kutoa vumbi jingi, paneli ina joto au umezidisha kiasi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa fanya alfajiri au ndani ya banda. Bampa ya plastiki haipoi haraka kama bati, kwa hiyo shusha kasi.

Mwisho paka kinga. Nta inakaa mwezi mmoja hadi mitatu, kinga ya kemikali (silanti) miezi minne hadi sita. Seramiki inakaa miaka na inarahisisha uoshaji, lakini ni tabaka jembamba mno, haizuii tambara lenye mchanga, hata muuzaji aseme nini. Kinachozuia kweli ni filamu ya plastiki ya mikroni 150 hadi 200, na bei yake ni kubwa.

Mataulo yafue kwa sabuni ya maji, mbali na nguo za pamba, bila kilainishi, uyaanike kivulini. Kata lebo zote kabla ya kuyatumia. Yakianza kuwa magumu mkononi, yashushe daraja yakafute rimu.