Glasi ya alfajiri

Joto la Februari halilali Dar. Saa kumi na moja na nusu alfajiri shuka limeshalowa jasho, feni inazungusha hewa ileile, na katika nyumba yenye mtoto wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi siku haianzi na chai. Inaanza na glasi ya maji na kidonge cha kutoa chuma. Leo naiwaza glasi hiyo, maana mengi yanayoharibika katika tiba hii huharibikia hapo, au pembeni yake kidogo.

Chupa moja ya damu huja na chuma cha miligramu 200 hadi 250. Mwili wenyewe hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, wala hauna njia ya kutoa kilichozidi. Chupa ya leo, hata mtoto asipokula chuma chochote, ni mzigo wa miezi mitatu na zaidi. Zikifika chupa kumi hadi ishirini, chuma kinajirundika kwenye ini, moyo na tezi za homoni, na ferritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, inavuka 1,000. Na hakiumi. Ndiyo maana dawa hii ni ngumu kuitetea nyumbani: mtoto anacheza, anakula, kisha unamwamsha anywe kitu kisichomwondolea maumivu yoyote anayoyajua.

Dawa yenyewe ni deferasiroksi. Kidonge chake cha kuyeyusha huanza kwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 25 anapata 500. Maji yawe mililita 100, yaani moja ya tano ya chupa ya nusu lita. Dozi ikifika gramu 1, maji yawe 200. Tumbukiza kidonge, acha kilegee, koroga mpaka maji yawe na ukungu mweupe usio na punje. Kisitafunwe wala kumezwa kizima. Akimaliza kunywa, inamisha glasi kwenye mwanga: utaona unga umeshika ukutani na mwingine umetulia chini. Huo nao ni dawa. Mimina maji kidogo, suuza, anywe tena. Anayeruka hatua hii kila siku anampunguzia mtoto dozi bila kujua, kisha ferritini isiposhuka inadhaniwa dawa imeshindwa.

Juisi ya chungwa inafaa badala ya maji. Soda hapana, inafoka povu. Maziwa hapana, kidonge kinachelewa kuyeyuka. Tumbo liwe tupu na chapati ingoje angalau nusu saa, kwa sababu chakula hubadilisha kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu, leo kingi, kesho kidogo. Akisahau alfajiri, anaweza kunywa baadaye siku hiyohiyo tumbo likiwa tupu. Kesho asirudishiwe mbili.

Kuna pia kidonge cha kumeza, na hapo pana mtego. Hicho huhesabiwa kwa miligramu 14 kwa kilo, kwa hiyo 360 yake inalingana na 500 ya kile cha kuyeyusha. Ukiambiwa kwenye dirisha la dawa kwamba aina yako imeisha na unapewa nyingine, usihamishe namba kama ilivyo. Mpigie daktari ahesabu upya kabla hujafungua boksi.

Sasa hayo ya pembeni ya glasi. Mgonjwa wa selimundu hutumia foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, kila siku, na ukienda duka la dawa ukaomba "kidonge cha kuongeza damu", kuna uwezekano mkubwa ukapewa FEFO, kile cha wajawazito. FEFO ni foliki pamoja na chuma, kiasi cha miligramu 60 kwa kidonge. Alfajiri unakitoa chuma, mchana unakirudisha. Taja jina kamili, foliki asidi peke yake, na soma pakiti kabla hujaondoka. Bibi akija na chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu kwa sababu mjukuu ana macho meupe, mpokee kwa heshima, mweleze, chupa iwekwe juu ya kabati. Mchicha na matembele asinyimwe mtoto. Chuma cha mboga ni kidogo mno mbele ya kile cha chupa ya damu. Vitamini C ya kufoka kwenye maji, ile ya miligramu 1,000, iachwe: dozi kubwa huchochea chuma kilichojificha na inaweza kuutesa moyo. Na vidonge vya kutafuna vya kiungulia, ambavyo wengi huviita magneziamu, vingi vina aluminiamu, na dawa hii haipatani nayo.

Linalonitia hofu kuliko yote ni diklofenaki. Mtoto akibanwa na mifupa usiku, ndiyo inayopatikana upesi, inauzwa kila mtaa. Deferasiroksi peke yake inaweza kuleta vidonda na kuvuja damu tumboni, na inaelemea figo. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya hayohayo mawili. Kabla maumivu hayajaja, kliniki ikuandikie dawa nyingine ya maumivu ya kuweka ndani.

Halafu kuna siku ambayo glasi haitakiwi kuguswa. Mtoto anaharisha, anatapika, ana homa ya malaria na hataki kunywa maji, nje ni joto hili la Februari. Maji yakipungua mwilini dawa inaweza kuziangusha figo kwa siku chache tu, hasa kwa watoto. Wazazi waangalifu ndio wanaoponzwa hapa: wameambiwa wasiruke hata siku moja, nao wanatii. Isimamishwe palepale, mnywesheni maji, mpelekeni akapimwe, na isirudishwe mpaka kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ionekane iko sawa. Chuma kilichorundikana kwa miaka hakitamdhuru kwa siku tano za kusubiri. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo kuwa haba, macho kuwa ya njano kuliko njano yake ya kawaida: hayo nayo ni ya kusimamisha na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kreatinini hupimwa mara mbili kabla ya kuanza, kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Ini, kila wiki mbili mwezi wa kwanza, baadaye kila mwezi. Masikio na macho kila mwaka. Ferritini kila mwezi, lakini usiamini namba moja: maambukizi huipandisha, kwa hiyo iliyopimwa wiki ya malaria haisemi kweli kuhusu chuma. Ikishuka chini ya 500, daktari husimamisha dawa.

Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Tarehe, uzito, dozi, ferritini, kreatinini, chupa za damu alizopata. Uzito usisahauliwe, mtoto wa kilo 25 mwaka jana huenda leo ana 29, na bado anakunywa 500.