Ninavyotafuta eneo la uso wa sanduku, silinda na pia (koni) kwa aljebra

Kabla ya kuandika fomula yoyote, huchora umbo likiwa limekunjuliwa. Mche mstatili, yaani umbo la sanduku, hutoa mistatili sita: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Silinda hutoa miduara miwili na mstatili mmoja, ambao urefu wake ni mzingo wa duara, 2πr (r ni nusu kipenyo), na upana wake ni kimo, h. Ukishauona mstatili huo, 2πrh haihitaji kukaririwa.

Aljebra inakuja pale ambapo kipimo fulani hakijulikani. Chukua sanduku lenye kifuniko: upana wake ni sm x, urefu unazidi upana kwa sm 3, kimo ni sm 2, na eneo lote ni sentimita za mraba 132. Naandika nyuso tatu tu, moja kutoka kila jozi:

juu: x(x + 3) = x² + 3x
mbele: 2(x + 3) = 2x + 6
ubavuni: 2x

Jumla ni x² + 7x + 6. Naizidisha kwa 2, kwa kuwa kila uso una mwenzake: 2x² + 14x + 12 = 132. Nagawanya pande zote kwa 2 na kuhamisha: x² + 7x − 60 = 0, yaani (x + 12)(x − 5) = 0. Upana hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo x = 5 na urefu ni sm 8. Hakiki: 2(40 + 16 + 10) = 132.

Kosa linalojirudia sana hapa ni kuandika 2(x + 3) kuwa 2x + 3. Mlinganyo unakuwa x² + 7x − 63 = 0, ambao hauvunjiki kuwa mabano mawili yenye namba kamili. Ukiona hivyo katika swali la namba nyepesi, rudi kwenye mabano kwanza.

Kwa silinda, uliza mapema: ina mfuniko? Tangi lililo wazi juu ni πr² + 2πrh. Lililofungwa ni 2πr² + 2πrh. Ukiwa na bati la mita za mraba 9.68 kwa tangi lililofungwa lenye nusu kipenyo cha mita 0.7, fanya h iwe peke yake: h = A/(2πr) − r. Kwa π = 22/7, 2πr ni 4.4, hivyo h = 2.2 − 0.7 = mita 1.5. Fomula haihesabu bati la kupishanisha kwenye maungio. Hilo liongezwe kando. Angalia pia kama umepewa kipenyo, maana wengi hukiingiza kama r.

Umbo la pia, yaani koni, hudai uangalifu zaidi: πr² + πrl hutumia l, urefu wa ubavu ulioinama kutoka ncha hadi ukingo wa kitako, ambao si kimo. Tumia l² = r² + h². Kwa r = 7 na h = 24, l ni 25 na eneo ni 154 + 550 = 704. Ukiweka 24 mahali pa l unapata 682, jibu linaloonekana sawa kabisa, na ndiyo maana huandika l na h kwenye mchoro kabla ya kugusa kikokotoo.