Nilivyoipata leptini ya kuku nikiwa Tabora

Likizo ile nilikuwa nyumbani Isevya, nikiandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Mada yangu ni unene wa kuku, na unapogusa unene lazima ugongane na leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba mafuta mwilini yametosha. Kwa panya jeni yake inajulikana tangu 1994. Nikachukua herufi za jeni hiyo ya panya, nikazilinganisha kwa BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, na faili la zamani la jenomu (DNA yote) ya kuku nililokuwa nalo kwenye flashi. Nikapata patupu.

Nikamwandikia msimamizi wangu kwamba kuku hana leptini. Akajibu kwa mstari mmoja: leptini ya kuku ilishachapishwa 2016, ila usinakili, itafute mwenyewe halafu ulinganishe.

Aibu hiyo si yangu peke yangu. Jenomu ya kuku ilitoka 2004, na miaka kumi baadaye watafiti wakaorodhesha jeni 274 walizosema ndege wamezipoteza. Leptini ndiyo ilikuwa na sarakasi zaidi: mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna waliotangaza wameipata kwa kuku, ikiwa imefanana na ya panya karibu herufi kwa herufi. Kuku na panya, mababu wao waliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita! Mimi ningeshuku hapo hapo.

Tatizo ni G na C, mbili kati ya herufi nne za DNA; nyingine ni A na T. Jozi ya A na T hushikwa na vifungo viwili, ya G na C vitatu. Mashine nyingi zinazosoma DNA kwa vipande vifupi hutanguliwa na hatua ya kunakili, na mahali palipojaa G na C nyuzi mbili za DNA zinagoma kuachana, au uzi unajikunja wenyewe kwa wenyewe, kimeng'enya kinachonakili kinaishia njiani. Kipande kisichonakiliwa hakisomwi. Ndege wana kromosomu (vifurushi vya DNA) nyingi ndogo sana zilizosheheni G na C, lakini si huko tu. Leptini ya kuku imejibanza karibu na ncha ya kromosomu namba 1, iliyo kubwa kuliko zote.

Halafu kuna la pili, ambalo lilinichelewesha zaidi. G na C zikizidi, protini nayo inabadilika. Protini hujengwa kwa asidi amino, kila moja ikiandikwa kwa herufi tatu: GCC ni alanini, GGC glisini, CGC arginini, CCC prolini. Basi unakuta hao wanne wamejazana hata pale ambapo panya ana kitu kingine. Kwa hiyo kumtafuta kuku kwa sura ya panya ni kazi bure.

Nikabadili mambo mawili. Kwanza, nikaacha ya panya, nikachukua protini ya leptini ya njiwa na ya kozi, zilizojulikana 2014. Pili, nikaachana na jenomu iliyokwisha kuungwa, nikashusha vipande ghafi vya RNA ya kuku, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, kutoka NCBI, hifadhi ya umma ya data za jeni mtandaoni. Bando la usiku, kuanzia saa sita. Programu inatafsiri kila kipande kwa njia zote sita (mianzo mitatu kwa kila upande) ndipo inalinganisha, na kwa laptop yangu hiyo ni kazi ya kutwa nzima, umeme ukiwa na huruma.

Nilianza na RNA ya mafuta, maana kwa panya leptini hutoka huko. Siku mbili, sikupata kitu. Mama akapita na trei ya mayai akauliza, "Mwanangu, hao kuku wa kwenye kompyuta wanataga lini?" Baadaye nikasoma kwamba kwa ndege mafuta karibu hayatoi leptini kabisa, tafuta kwenye ubongo na tezi za juu ya figo. Nikashusha faili la ubongo. Asubuhi ya pili nikakuta vipande kumi na moja.

Nilivipanga kwa mkono, mwisho wa kimoja juu ya mwanzo wa kingine, kwenye daftari la mistari. Nilichokuwa nikikitafuta ni sisteini mbili, asidi amino zile zinazofungana kwa salfa na kuipa leptini umbo. Zilikuwepo zote mbili. Nikafungua mfuatano wa 2016: sehemu niliyonayo ikalingana, isipokuwa herufi mbili, ambazo nadhani ni makosa ya kusoma.

Sehemu ya mwanzo wa jeni bado ni shimo. Nimepanga kuinakili maabara kwa PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, nikiongeza DMSO, kemikali inayolegeza G na C kidogo, nikitumia damu ya kuku wa mama, wale vishingo. TNF-alfa ya kuku, protini ya kinga ya mwili, nayo iliyodhaniwa haipo, ilipatikana 2018, kwa hiyo sina haraka ya kukata tamaa. Mama amekubali kwa sharti: tone moja tu, na yule anayeatamia nisimguse.