Kugawa anwani za shule

Mpango wa anwani za IP za shule, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, umekamilika usiku huu. Nimechagua 10.20.0.0/16 (namba baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa fungu: ikipungua, fungu hukua), yenye anwani 65,536, ingawa ukihesabu kila simu, kompyuta na kamera hatufiki hata elfu tatu. Wapo watakaouona ni ufujaji. Mimi sioni hivyo. Anwani za faragha, za matumizi ya ndani, zilizotengwa na RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996, hazilipiwi, na anayezibania leo atalazimika kupanga upya mtandao mzima shule ikikua. Nimeikwepa 192.168.1.0 kwa makusudi: ruta nyingi za nyumbani huitumia, na mwalimu akijiunga na mtandao wa shule kwa VPN, njia salama ya kuingia kutoka mbali, akiwa kwake, anwani zitagongana.

Njia inayovutia haraka ni kugawa kwa majengo: bweni na sabneti yake (kipande cha mtandao chenye fungu lake la anwani), maktaba na yake, utawala na yake. Lakini jengo moja lina mwanafunzi na simu yake, mwalimu anayeingiza alama, printa, na kamera ya mlangoni. Wote wakikaa sabneti moja huwasiliana bila kupitia ruta, na pasipo ruta hakuna pa kuweka kanuni ya nani amfikie nani. Kwa hiyo nimegawa kwa kazi kwanza: kila kundi na VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa ndani ya vifaa vilevile, na faiwoli, kichujio cha mawasiliano, katikati. Seva ya alama za mitihani nimeitengea /27 ya peke yake, anwani 30 za kutumika. Hilo ndilo ninalolijali kuliko yote katika mpango huu. Alama za mtoto hazifai kukaa uani pamoja na mamia ya simu.

Waifai ya wanafunzi ndiyo iliyonikalisha. Nimewapa 10.20.16.0/22, vifaa 1,022. Sabneti ya ukubwa huo lazima ianzie pale ambapo sehemu ya tatu ya anwani (namba ya tatu kati ya nne zinazotenganishwa na nukta) hugawanyika kwa nne. 16 inafaa, 18 haifai. Kuanzia 20 hadi 23 nimeacha wazi, na kwa kuwa 16 hugawanyika pia kwa nane, siku simu zikizidi nitabadilisha maski, kipimo cha ukubwa wa sabneti, iwe /21 bila kumhamisha mtu. Kwa nini nisiwape /21 tangu sasa? Kwa sababu matangazo ya mtandao, yaani ujumbe ambao kifaa hutuma kwa wote, humfikia kila aliyemo kwenye sabneti, na hewani kila tangazo hula muda wa wote. DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe, itawaazima anwani kwa saa mbili tu, ili za walioondoka zirudi mapema.

Ofisi na printa hazikuwa na shida, /24 kila moja.

Namba ya VLAN nimeilinganisha na sehemu ya tatu ya anwani inapoanzia sabneti: wanafunzi 16, kamera 40. Fundi atakayekuja baadaye akikuta 10.20.40.7 kwenye kumbukumbu za swichi, atajua papo hapo kwamba anatafuta kamera.